Kanga na Kibuyu Chenye Fundo

Paukwa!

Pakawa!

Chungu kiko wapi?

Kiko mekoni!

Moto uko wapi?

Uko chini ya chungu!

Na mbegu iko wapi?

Haya, mmenyamaza. Nilijua mtanyamaza. Mambo ya chungu mnayajua wote, mambo ya mbegu kila mtu anamtazama mwenzake. Basi sogeeni, nyoosheni miguu, na wewe uliyeegemea gunia usianze kusinzia, maana hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, zamani za kale kweli, wanyama walipokuwa wakilima kwa mikono yao, palikuwa na kilima kiitwacho Mbalika. Udongo wa Mbalika ulikuwa mweusi, wa kushibisha. Wanyama wa huko walikula maharage. Asubuhi maharage, mchana maharage, jioni wanakwangua chungu cha mchana.

Kilimani hapo aliishi Kanga na mama yake. Siku hizo Kanga alikuwa mweusi tititi, hana doa hata moja. Msicheke. Mtaona.

Sasa, Mbalika walikuwa na desturi yao. Kila baada ya mavuno waliweka Siku ya Nyungo. Kila mama alileta ungo wa maharage yake uwanjani, akauweka chini mbele za watu. Ungo wenye maharage ya rangi moja na ukubwa mmoja ndio uliosifiwa. Mwenye ungo huo alipewa mkeka wa mbele. Mwaka mzima, pakiwa na harusi au matanga, yeye anakaa mbele na anapakuliwa kwanza.

Mama Kanga hakuwahi kuukalia mkeka ule. Maharage yake yalikuwa ya mchanganyiko: mekundu, ya njano, yenye mabaka, na mengine madogo meusi yaliyokunjamana, ambayo watu waliyaita masizi. Ngedere, aliyekuwa msemaji wa Siku ya Nyungo, akiufikia ungo wa Mama Kanga alikuwa anashika kiuno.

"Jamani," anasema, "huu ni ungo au ni kanzu ya mlevi? Viraka vitupu!"

Watu wanacheka. Mama Kanga naye anacheka. Lakini Kanga, aliyekuwa bado kifaranga, alikuwa anaficha kichwa chini ya bawa. Moyoni alisema, "Nikikua, hawatanicheka." Aibu ya utotoni haifi. Inakua na mwenyewe.

Mama Kanga alikuwa na rafiki mmoja, Bibi Fuko. Bibi Fuko alikuwa haoni. Aliishi chini ya shamba, na midomo yake haikuwa na sukari. Kwa sababu haoni, rangi ya haragwe haikumdanganya. Alipita chini, akagusa mizizi, akasikia ipi inakunywa maji na ipi imechoka. Mama Kanga alitazama juu, Bibi Fuko aligusa chini. Wawili hao walilijua shamba lile kama mtu anavyojua meno yake.

Na walikuwa na adui mmoja, Kutu.

Kutu alikuja na ukungu wa masika, amevaa kanzu ya rangi ya hudhurungi. Alipopitisha mkono juu ya majani, majani yalitoka madoa, madoa yakatoa unga kama wa chuma kilicholala nje, na shamba likakauka likiwa bado na maua. Lakini Kutu alipofika kwenye masizi, alirudi nyuma. Masizi yalikuwa mabaya ya sura, magumu kuiva, ila Kutu hakuyaweza.

Siku moja Mama Kanga alisema, "Bibi Fuko, yale mekundu ni mazuri, yanazaa sana, yanaiva upesi, lakini Kutu anayaua. Masizi Kutu hayagusi, ila ganda moja lina punje tatu. Kwa nini tusiyaoze, haya yawe mke na yale yawe mume?"

"Yaoze," alisema Bibi Fuko. "Mimi nitashika mizizi."

Basi Mama Kanga alichomoa unyoya mdogo wa shingoni. Asubuhi, maua yakiwa bado yamefumba, alilifungua ua jekundu taratibu kwa ncha ya mdomo. Akachukua vumbi la njano kwenye ua la masizi, akalipaka humo ndani, akalifunga ua tena. Kwenye shina akafunga fundo la nyasi, apate kulijua.

Watoto wa ndoa ile walikuja wa kila namna. Wengine weusi, wengine wa rangi ya majivu, wengine nusu kwa nusu. Mama Kanga hakuvunjika moyo. Kila msimu alipanda, akamngoja Kutu apite, kisha akachagua mche uliobaki umesimama. Akafunga fundo. Akapanda tena. Msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa tano. Mbegu hizo alizitia kwenye kibuyu, akazichanganya na majivu zisiliwe na fukusi, akaziba mdomo kwa gunzi la mahindi na shingoni akafunga fundo la nyasi.

Lakini kifo hakina subira ya mkulima. Msimu wa tano ulipokwisha Mama Kanga akaugua. Akamwita binti yake.

"Mwanangu, unakiona kibuyu kile?"

"Nakiona, mama."

"Usikipike. Bado misimu miwili. Panda, ngoja Kutu apite, chagua kilichosimama. Baada ya misimu miwili utapata haragwe jekundu kama bibi harusi na gumu kama masizi. Nilitaka kukupa likiwa tayari, mwanangu. Sikuwahi. Na maharage mengine yale, yaache yachanganyike. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia. Kusikia si kazi. Mama yake akafariki, wakamzika, wakalia.

Msimu wa kupanda ukafika. Kanga akamwaga mbegu za mama yake kwenye ungo, akaanza kuchambua. Mekundu upande huu, mengine upande ule. Alipomaliza aliona rundo la mekundu linang'aa, akatabasamu. Lile jingine, la njano na mabaka na masizi yote, alilimimina kwenye chungu.

Chini ya miguu yake ardhi ikatikisika kidogo. Bibi Fuko alikuwa anaimba:

"Kanga, Kanga, wa mama yako,
cha chungu kiende chunguni,
cha shamba kibaki kibuyuni.
Kibaki!"

Nanyi mwitikieni: Kibaki!

Kanga akasema, "Bibi Fuko, wewe huoni. Laiti ungeona yalivyo mazuri haya mekundu!"

"Sioni," alisema Bibi Fuko. "Ndiyo maana nauliza yana nguvu gani."

Kanga akachochea moto.

Msimu ule Kutu hakuja. Hiyo ndiyo hila ya balaa, hukupa nafasi ya kujisifu kwanza. Maharage mekundu yakazaa, ganda moja punje sita, punje saba. Siku ya Nyungo Kanga akaweka ungo wake uwanjani. Punje zote rangi moja, ukubwa mmoja. Ngedere akafika, akashika kiuno, akainama kutafuta kiraka, asikione. Halafu akapiga kelele:

"Wazee, huu ndio ungo! Mtandikieni mkeka!"

Kanga akakaa mbele. Akapakuliwa kwanza. Nisimseme vibaya hapa, maana ni nani kati yetu hapendi kupakuliwa kwanza? Alitazama mahali mama yake alipokuwa anakaa, kule nyuma karibu na mbuzi, akajisikia kama amemlipia kisasi.

Tangu siku hiyo watu walifuatana nyumbani kwake. Nungunungu akaja, "Shoga, nigawie mbegu." Kanga akampa. Sungura akaja, akampa. Kilima kizima kikaja, akawapa wote, na kila mmoja alipofika kwake alichukua mchanganyiko wake wa zamani akaupika. Wa nini tena? Nani anataka kuchekwa?

Wageni wakaendelea kuja, na mgeni hafukuzwi na njaa yake. Siku moja Ngedere alikuja na ndugu zake saba. Kanga akachungulia ghalani, akaona maharage ya kula yamekwisha, yamebaki ya kupanda tu. Akainua macho. Kibuyu cha mama yake kilikuwa kinaning'inia darini, kina vumbi.

Akakishusha. Akalivunja fundo, akatoa gunzi, akamimina kidogo. Zikatoka punje za ajabuajabu: nyekundu iliyofifia, ya kijivu, moja nusu hivi nusu hivi. Hakuna mbili zinazofanana.

"Hata kama mama angekuwepo," alijisemea, "asingezipeleka uwanjani hizi."

Ardhi ikatikisika.

"Kanga, Kanga, wa mama yako,
cha chungu kiende chunguni,
cha shamba kibaki kibuyuni.
Kibaki!"

Kibaki!

Mkono wa Kanga ukasimama. Kweli, ulisimama. Akalikumbuka lile neno, misimu miwili. Lakini Ngedere alikuwa anacheka kule nje na kuuliza, "Mwenye mkeka wa mbele leo atatulisha nini?" Basi Kanga akafunga macho, akamimina kibuyu chote chunguni.

Yalichelewa kuiva. Alichochea kuni mpaka jioni.

Bibi Fuko alisikia harufu. Hakugomba. Kesho yake alitokeza pua yake mlangoni kwa Kanga, ameshika kitu kwenye jani.

"Mwanangu, mama yako alikuwa mwerevu," alisema. "Kila msimu alinipa konzi moja ya mbegu za fundo nimwekee chini, kama nyumba ikiungua. Hizi ndizo za mwisho. Hakuna nyingine juu ya ardhi wala chini yake. Haragwe haliwezi kuota gizani kwangu. Zipande wewe, hata pale nyuma ya jaa, pasipoonekana na mtu."

Kanga akapokea kwa mikono miwili. "Nitazipanda, bibi. Naapa."

Na alikusudia. Ndilo linalouma katika hadithi hii. Alikusudia kuzipanda. Akaziweka kwenye kibakuli karibu na mafiga, akasema, mvua ikinyesha vizuri.

Msimu wa pili nao Kutu hakuja, na Siku ya Nyungo nyingine ikafika. Safari hii nyungo zote za Mbalika zilikuwa nyekundu, na wazee wakasema, "Kanga ndiye aliyetupa mbegu. Mkeka wa mbele tumpe moja kwa moja, asishindane tena na mtu." Kanga akafanya karamu. Akapika vyungu vitatu. Watu wakala, chungu cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha, cha tatu kikawa chepesi, mchuzi mwingi na maharage machache. Kanga akaona haya. Akatupa jicho huku na huku. Akaona kibakuli.

Ni konzi moja tu, aliwaza. Akaifunika kwa mkono wake ili hata yeye mwenyewe asiione, akaitia chunguni.

Mara hii ardhi haikutikisika. Hakuna aliyeimba, kwa sababu Bibi Fuko hakuwa chini. Alikuwa amealikwa. Alikuwa amekaa pale pale mkekani, karibu na Kanga, kwa heshima ya marehemu.

Wakampakulia. Bibi Fuko akala kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Cha tatu akakiweka mdomoni, akatafuna mara moja, akaacha kutafuna.

"Kanga," alisema polepole, "huyu tunayemla ni nani?"

Kanga akakoroga mchuzi wake.

"Ngozi hii naijua. Nimeigusa misimu mitano. Huyu ni mtoto wa mama yako."

Akaitoa ile punje mdomoni, akaipapasa kwa vidole, akaigeuza, akatafuta kile kijicho cha haragwe panapotoka mche. Ilikuwa imelegea. Ilipasuka mkononi mwake ikawa uji. Bibi Fuko akaiweka chini mkekani, akainuka, akapapasa njia akaondoka. Wageni waliuliza, "Bibi ana nini?" Kanga alisema, "Uzee." Hilo nalo alikuja kulijutia.

Masika ikaanza. Mvua ilinyesha vizuri kupita kiasi. Ukungu ukashuka kilimani, ukalala siku tatu bila kuondoka. Na ndani ya ukungu watu wakasikia:

"Hodi Mbalika!"

Alikuwa Kutu, amevaa kanzu yake ya hudhurungi. Alifika kwenye shamba la Nungunungu, akasimama mpakani.

"Masizi yupo?"

"Hayupo," alisema Nungunungu.

Kutu akaingia. Akapitisha mkono. Shamba likafa.

Akafika kwa Sungura. "Masizi yupo?"

"Hayupo, bwana."

Akaingia. Shamba likafa.

Akaenda shamba hadi shamba. Zamani alikuwa anaruka huku, anazuiwa kule, anakula nusu anaacha nusu. Sasa alitembea wima kama anayetembea kwake. Mwisho akafika kwa Kanga.

"Masizi yupo?"

"Hayupo."

"Na wale watoto wa fundo, wale nilioanza kuwaogopa?"

Kanga akalia. "Hawapo. Niliwapika."

Kutu akakung'uta kanzu yake. "Mama yako alinisumbua sana," alisema. "Sikudhani ni wewe utakayenifungulia mlango." Akaingia.

Njaa ya mwaka ule sitaki kuisimulia sana, kuna watoto hapa. Vyungu viligeuzwa chini juu. Kati ya vifaranga ambao Kanga aliwaangua kabla ya masika, wawili walikufa, wa kwanza na wa mwisho. Sungura alihama. Ngedere, yule msemaji, alikwenda kukaa pembeni mwa mashamba ya binadamu, na mpaka leo ni mwizi huko. Hakuna aliyemlaumu Kanga kwa mdomo. Walipita mbele ya nyumba yake kimya, na kimya hicho kilimchoma kuliko matusi. Ule mkeka wa mbele ulikuwa bado umetandikwa uwanjani, hakuna wa kuukalia.

Kanga akaenda kwenye shimo la Bibi Fuko. Akapiga magoti.

"Bibi Fuko."

Akagonga udongo kwa mdomo.

"Bibi, ni mimi, mtoto wa rafiki yako. Nimekosa. Nilitaka wasinicheke. Nisamehe."

Sauti ikatoka chini, imechoka. "Nilikusamehe siku ile ile mkekani, mwanangu. Lakini msamaha hauoti. Ungekuwa unaota, ningekupa kikapu ukapande."

"Sasa nifanye nini?"

"Maharage yaliyochemka hayaoti. Nenda jaani. Pengine siku moja moto ulikuwa mdogo, pengine punje moja iliruka nje ya chungu. Tafuta."

Akafukia mdomo wa shimo lake kutoka ndani. Tangu hapo Fuko haji juu kukaa na watu. Utaona tu udongo umeinuka shambani, ujue anapita anagusa mizizi, bado anautafuta ule mmoja anaoujua.

Kanga akaenda jaani, pale yalipomwagwa majivu ya moto wake wote na makoko ya vyungu vyake vyote. Akaanza kupekua kwa kucha. Akapekua asubuhi, akapekua mchana. Majivu yakaruka, yakamwangukia mgongoni, doa, doa, doa. Akaoga mtoni, hayakutoka. Akaoga mara ya pili, hayakutoka. Mara ya tatu akaacha, akasema, "Yabaki. Ni ya kwangu."

Ndiyo yale madoa mnayoyaona. Mtu akikwambia kanga kajipamba, mwambie hapana, yale ni majivu ya jikoni.

Na punje ile, aliipata? Hakuipata. Alipomaliza jaa alipekua uwanja, alipomaliza uwanja alipekua njia, na leo watoto wa watoto wake wanapekua bado, popote palipo na udongo. Wasikilizeni asubuhi wanavyolia: "Irudi! Irudi! Irudi!" Watu wanadhani wanaitana. Hawaitani. Wanaiita mbegu.

Wanyama waliobaki Mbalika walianza upya na vijimbegu vya porini, punje mbili kwa ganda, vigumu kama mawe. Waliweka sheria: konzi ya kwanza ni ya shamba, konzi ya pili ndiyo ya chungu. Siku ya Nyungo wakaifuta. Mtu akileta maharage sasa hawaulizi rangi, wanauliza, "Kutu alipopita, haya yalisimama?"

Mafunzo ya hadithi yetu ni haya. Usichague mbegu kwa macho ya wanaokutazama. Kilicho kibaya uwanjani huenda ndicho mlinzi wa shamba, na kazi ambayo mzazi ameiacha nusu si takataka, ni deni la mtoto kuimaliza. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na akija hakuti babu wala bibi.

Mimi pia nimewahi kupika mbegu. Ndiyo maana naijua hadithi hii bila kuisoma popote. Msiniulize zaidi.

Haya, itikieni nimalize. Chungu kiko wapi?

Kiko mekoni!

Na mbegu iko wapi?

Tumeitenga!

Kama mmeitenga kweli, hadithi yangu imekwisha, nimeifunga fundo. Aliyeisikia aipande, asiipike.